Sindano Iliyochagua Masikio

Kijiji cha Liushugou,
Tarehe 25 Oktoba, 2015.

Mdogo wangu mpenzi Yinping,

Pokea salamu za dada yako, nyingi kuliko karanga zilizoanikwa uani mwangu asubuhi hii. Hujambo? Shemeji Haisheng hajambo? Yale macho yaliyokuwa yakimtoa machozi akikaa kwenye upepo yamepata nafuu? Na binti yako Lirong, ule ujauzito wake wa miezi mitano unampa usingizi, au mtoto ameshaanza fujo? Sisi huku hatujambo, ukiondoa goti la shemeji yako Boqin, ambalo linauma kila akiambiwa akachimbe viazi na linapona kila akiitwa kucheza karata.

Utajiuliza kwa nini nimekamata kalamu wakati simu ninayo na jana tu umenitumia picha za samaki wako. Nimejaribu kuyaandika haya kwenye simu mara tatu. Kila mara nilifuta. Kuna maneno yanayotaka karatasi, mtu ayashike kwa mikono miwili, aweze kuyaweka chini akichoka na kuyarudia. Kwa hiyo nakuomba ukae. Ukiwa na chungu jikoni, kiepue kwanza.

Naanza na habari njema: Doudou, mjukuu wetu, anasikia. Anasikia vizuri kabisa. Nimelitanguliza hilo ili usome yaliyobaki bila moyo kukudunda.

Unakumbuka alizaliwa mwezi wa pili, hospitali ya wilaya. Siku ya tatu walimtoboa kisigino, wakachukua matone ya damu. Hatukutia maanani, kwani watoto wote hutobolewa. Mwezi ulipoisha Wenjuan akapigiwa simu. Nesi akasema aje na mtoto, kuna jambo limeonekana kwenye kipimo cha masikio. Jambo gani? Hakusema. Binti yangu alishuka hapa kijijini na mtoto mgongoni, rangi imemtoka, ameshika mifuniko miwili ya sufuria. Akaigonga nyuma ya kichwa cha Doudou. Mtoto akaruka, akaangua kilio. Wenjuan akagonga tena. Mtoto akalia zaidi. Ikawa hivyo kutwa nzima, mpaka Boqin akamnyang'anya mifuniko akamwambia, "Wewe mama, mtoto huyu kama si kiziwi leo, kesho utamfanya kuwa kiziwi!"

Nilikuwa nimesimama mlangoni nikikuona wewe, Yinping, mwenye miaka mitano, umekaa juu ya kinu. Wajua siku ninayoisema. Uliniuliza kwa nini jogoo wa jirani ameacha kuwika, na jogoo yule alikuwa anawika palepale, ukutani, juu ya kichwa chako.

Tulikwenda wote watatu na Doudou. Daktari aliyetupokea anaitwa Ouyang, binti mdogo kuliko Wenjuan, amevaa raba za rangi ya machungwa. Alituangalia akacheka. "Mbona mmekuja kama watu waendao mazikoni? Mtoto huyu anasikia kunishinda mimi." Wenjuan akalia hapohapo. Daktari akamwacha amalize, kisha akanigeukia mimi na kuniuliza kama upande wa mama kuna kiziwi. Nikamwambia yupo, mdogo wangu wa tumbo moja. Akauliza kama alizaliwa hivyo au alichomwa sindano. Mdogo wangu, nilihisi kiti kinazama. Nikasema alichomwa sindano, mwaka wa sabini na moja. Akauliza kama kuna mwingine. Nikamtaja Mjomba, kaka yake mama, aliyetibiwa kifua kikuu akatoka hospitalini na kifua kizima na masikio yamekufa. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyetajiwa jina analolijua.

Nakueleza alivyotueleza, maana alirudia mara nne kwa ajili ya Boqin. Alisema dawa iliyo nzuri ni ile inayomjua adui yake. Kuna dawa za sindano zilizotengenezwa kuua vijidudu, na zinakitambua kijidudu kwa kitu kidogo kilichomo ndani yake, kitu ambacho kwa mtu kina umbo tofauti kidogo. Kwa hiyo dawa inampita mtu, inakamata kijidudu. Lakini katika baadhi ya koo, mtu huzaliwa na kitu chake kile kimepinda kidogo tu, kikafanana na cha kijidudu. Boqin akasema hajaelewa. Daktari akasema, "Mzee, chukulia polisi ameambiwa akamate mwizi mwenye kofia nyekundu. Sasa watu wa ukoo wa mkeo wamezaliwa na kofia nyekundu. Hawajaiba kitu, lakini polisi atajuaje?" Boqin akauliza kwa nini basi polisi huyo anaishia masikioni, asikamate na magoti. Daktari akacheka mpaka akavua miwani. Akasema kofia zimo mwili mzima, ila sehemu nyingine dawa hupita ikaondoka. Ndani ya sikio inaingia na kukaa, na vijinywele vya mle ndani vinavyopokea sauti vikishakufa havioti tena. Moyo unabaki mzima, ini linabaki zima, macho yanabaki yanaona. Inachagua masikio peke yake.

Na kwa mtu wa namna hiyo, Yinping, haihitaji sindano nyingi. Moja inatosha. Kipimo kilekile alichopewa mtoto wa jirani akaenda zake kucheza.

Halafu akasema jambo la pili. Kofia hiyo hutoka kwa mama. Mama huwapa watoto wake wote, wa kike na wa kiume. Wa kiume inaishia kwake. Wa kike anaipeleka mbele. Walinipima na mimi. Ninayo. Wenjuan anayo. Kwa hiyo na wewe unayo, na Lirong anayo hata kama anasikia mpaka mnong'ono wa sisimizi, na huyo aliye tumboni mwake anayo. Si ugonjwa. Haiumi, haimdhuru kitu, atasoma na kuimba na kuzeeka nayo, ilimradi asichomwe sindano hizo. Doudou alipewa kadi ndogo ya kutia mfukoni yenye majina ya dawa zilizokatazwa. Nimetoa nakala, nimeibandika kwenye karatasi ya pili ya barua hii. Mpe Lirong leo, si kesho.

Ukae tu na kuwaza. Maskini mama! Unajua aliamini Mjomba alikojoa kwenye kaburi la watu akiwa mdogo, na laana ikakuangukia wewe. Alikuwa akienda kuchoma karatasi za kuomba radhi kwenye kaburi hilo kwa siri, miaka ambayo mtu akionekana anachoma karatasi anasimamishwa mbele ya mkutano aaibishwe. Alikufa akiwa bado anaomba radhi kwa mkojo wa kaka yake.

Sasa nikupe habari ya mwezi uliopita. Wenjuan alikuwa kazini mjini, Doudou nipo naye mimi. Akapata homa, kifua kikawa kinalia kama birika. Hospitali ya wilaya ni mbali na gari la Boqin lilikuwa limekufa betri, nikamfunga mgongoni nikaenda zahanati ya kijiji jirani. Kuna daktari kijana pale, mpole lakini ana haraka. Alimsikiliza mtoto kifua, akageukia meza, akavunja kichupa, akavuta dawa kwenye bomba la sindano. Nikamwambia naomba nione hicho kichupa. Akasema, "Bibi, mshike mtoto miguu." Nikamwambia nitamshika nikishaona kichupa. Akasema, "Bibi, mimi nimesoma udaktari miaka mitatu. Wewe umesoma nini?" Nikamwambia, "Mimi nimesoma kadi hii tu. Isome na wewe."

Aliipokea kwa mkono mmoja, sindano iko mkono wa pili. Nikamwona anasoma. Macho yakaenda kwenye kadi, yakaenda kwenye kichupa, yakarudi kwenye kadi. Kisha akaiweka ile sindano mezani taratibu, kama mtu anayeweka yai. Akavuta kiti akakaa. Akasema kwa sauti ndogo kwamba jina ni la pili kwenye orodha. Watu waliokuwa wamepanga foleni nyuma yangu wakasogea kuitazama kadi, hata bibi mmoja aliyekuwa akinung'unika kwamba nawachelewesha. Yule kijana akampa Doudou dawa nyingine, akaandika majina ya kwenye kadi ukutani kwa kalamu nene, na alipotusindikiza nje aliniita mama badala ya bibi. Tulipofika njiani nilimshusha mgongoni. Nikakaa kwenye majani kando ya shamba la mahindi, nimempakata mtoto.

Homa ilishuka siku ya nne. Lakini hatukuwa na amani, tulitaka kuwa na hakika. Basi siku ya soko akaja yule mzee wa bisi na chungu chake cha chuma, kile kinacholipuka kama mzinga. Doudou alikuwa juu ya mkeka anatafuna ufunguo. Chungu kikalia BUU! Mtoto akashtuka, akatupa ufunguo, akalia mpaka akawa mwekundu. Na sisi, mimi na Boqin na Wenjuan aliyekuwa ameshuka kutoka mjini, tukakumbatiana tukicheka, machozi yanatutoka, mtoto analia hakuna wa kumbeba! Mzee wa bisi akatuuliza, "Nyie, mna akili timamu?" Boqin akamwambia, "Baba, pasua kingine!"

Ungekuwepo, mdogo wangu.

Baada ya siku hiyo ndipo nikamkumbuka Mzee Tan. Sijui kama kwenu huko Qingdao unamkumbuka hata mara moja. Ndiye aliyekuwa daktari pekupeku wa kikosi chetu cha wakulima, mwanakijiji aliyefunzwa tiba kidogo, ndiye aliyetuchoma sindano mwaka ule wa homa ya kikohozi. Baba alipojua kwamba husikii, alimwendea nyumbani, akachukua sanduku lake la dawa lenye msalaba mwekundu, akalitupa bwawani mbele ya watu. Mzee Tan, wakati huo kijana wa miaka thelathini na tano, hakuinua mkono. Hakuchoma mtu sindano tena. Amefuga nguruwe miaka arobaini na minne, na katika muda huo hakuna mtu wa nyumba yetu ya Miao aliyevuka kizingiti chake. Tukikutana njiani alikuwa akishuka kwenye tuta ili sisi tupite.

Nilimpelekea mikate ya mvuke na mfuko wa kunazi kavu. Nilimkuta anapalilia vitunguu, amekuwa mdogo kama mtoto. Aliponiona akasimama, akajifuta mikono, hakujua aniite ndani au anikimbie. Nikamwambia, "Mzee Tan, nimekuja kukwambia kwamba hukukosea." Nikamsomea kadi. Nikamweleza habari ya kofia nyekundu. Alisikiliza kichwa kimeinama. Nilipomaliza akaniomba nirudie lile jina la kwanza, streptomaisini, na nilipolirudia akasema, "Ndiyo hiyo. Ndiyo hiyohiyo." Kisha akasema kwamba tangu siku ile amekuwa akijiuliza kama mkono wake ulitetemeka, kama alichanganya unga mwingi na maji machache. Watoto wote wa siku ile walichomwa dawa moja, waliobaki wakaenda nyumbani wanarukaruka. Alikuwa anawatazama wanavyokua, anaoa huyu, anaolewa huyu, wote wanasikia, na hajui kwako wewe alikosea nini.

Nikamwambia kwamba hakukukosea kitu, wala wewe hukumkosea.

Halafu akainua uso akanitazama, Yinping, akaniuliza swali alilokuwa na haki ya kuuliza. "Caihe, kama ni damu ya mama yenu, wewe je? Na wewe nilikuchoma siku ileile. Mbona unasikia?"

Hapa ndipo nilipotaka kufika tangu salamu ya kwanza.

Sikuchomwa. Siku ile mama alitupa kila mmoja karatasi yake yenye jina, akatuambia twende uwanja wa shule. Mimi nilikuwa na miaka minane. Nilisikia watoto wanavyolia mle ndani, nikaona sindano ikichemshwa kwenye kopo. Nikakuacha uchezee mawe, nikajipenyeza ndani, Mzee Tan alipogeuza mgongo nikaitumbukiza karatasi yangu kwenye boksi la waliokwisha kuchomwa. Nikaokota pamba chini sakafuni, pamba ya mtoto mwingine, nikaishika matakoni, nikatoka nje nachechemea. Wewe ulikuwa umeanza kulia, umeng'ang'ania mti wa uani, unasema huendi, unataka kurudi kwa mama. Nikakwambia, "Mimi nimeshachomwa. Haiumi hata kidogo, kama kuumwa na siafu mmoja." Nikakuonyesha pamba. Ukaniamini. Ukaachia mti, ukaingia ndani mwenyewe, unatabasamu, na Mzee Tan akakusifu mbele ya wote kuwa wewe ndiye shujaa wa siku.

Kama nisingesema vile, ungelia, na mama angekuja kukuchukua kama alivyokuwa akikuchukua siku zote ukilia. Nimelijua hilo miaka arobaini na minne. Ulipokwenda shule ya viziwi na kitita chako cha nguo, nililijua. Ulipoolewa na nikasimama karibu yako nikikutafsiria hotuba za watu, nililijua. Nimejifunza lugha ya mikono upesi kuliko mtu yeyote wa nyumba ile, na nyote mlinisifu kwa upendo wangu, kumbe nilikuwa nalipa.

Nilimwambia Mzee Tan yote, palepale kati ya vitunguu. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akasema siku ile jioni alihesabu, karatasi zilikuwa kumi na mbili na dawa ya mtoto mmoja ikabaki. Hesabu haikukubali. Akaona kama ameshindwa kuhesabu watoto, basi hata kuchanganya atakuwa amekosea, na ndiyo sababu hakumjibu baba neno. Unaona, mdogo wangu? Uongo wangu mmoja uliwafunga watu wawili. Nikapiga magoti kwenye udongo. Akaniinua kwa kiwiko, akasema kuna methali ya wazee: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Nikamwambia methali hiyo sijawahi kuipenda. Akasema naye haipendi, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea: "Nyumba ya Miao ilikuwa ipate viziwi wawili kwa siku moja. Alipatikana mmoja, na yule wa pili akawa sikio lake. Mimi ningekuwa mama yenu, hilo ningelishukuru." Akaingia ndani, akanitolea bakuli la uji wa ulezi, tukanywa wote wawili tumekaa kizingitini mwake, watu wanapita njiani wanatushangaa.

Nimelala vizuri tangu siku hiyo, sikufichi. Mzigo wa laana umekwisha, mzigo wa Mzee Tan umekwisha, Doudou anasikia, na mtoto wa Lirong atasikia. Umebaki mmoja tu, nao si wa daktari yeyote kuutua, ni wako. Daktari Ouyang alisema kwa wema kwamba mtoto wa miaka minane hawezi kulaumiwa. Daktari si wewe. Sikuombi useme si kitu. Kilikuwa kitu. Kilikuwa sauti ya Lirong, ambayo hujawahi kuisikia.

Tarehe nane mwezi ujao nitapanda treni kuja kwenu. Usiniandikie kabla ya hapo. Kwanza mpeleke Lirong hospitalini na ile karatasi ya pili, uniache mimi na mambo yangu. Nitabonyeza swichi ya taa mlangoni kama kawaida, iwake ndani uione. Tangu utotoni ukinikasirikia unafumba macho ili mikono yangu isiweze kukuambia kitu. Ukinifungulia mlango ukayafumba, sitakulaumu. Nitakaa hapo kizingitini na begi langu mpaka siku utakayoyafumbua.

Msalimie sana Shemeji Haisheng, msalimie Lirong na mumewe, na huyo wa tumboni mpapase kwa ajili yangu. Boqin anakusalimu, Wenjuan anakusalimu, Doudou anakusalimu kwa makelele. Mzee Tan naye amesema, kama hutachukia, nikufikishie salamu zake.

Ni mimi dada yako,
Miao Caihe.